Subira Ilivuta Thina

Subira huvuta shari. Wahenga walisema heri, lakini wahenga hawakuwahi kukaa katika karakana ya fundi Ambindwile, mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu. Mle ndani subira haikuvuta heri hata chembe. Ilivuta thina.

Ikupa, binti wa fundi, aliijua harufu ya thina, maji makali ya kuzimulia vanishi, kama wenzake walivyojua harufu ya ndizi za kuchoma. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, alifagia maranda chini ya benchi la baba yake, akaokota vipande vya msasa vilivyochakaa, akafunika makopo yaliyoachwa wazi. Kazi hiyo aliifanya mbio mbio, pumzi ameibana, kama mtu anayepita karibu na mzinga wa nyuki. Akimaliza alitoka nje kwa kishindo na kusimama migombani, akimeza hewa ya baridi kwa uroho.

Zamani baba yake alifanyia kazi uani, chini ya kibanda cha mabati. Lakini siku hizo biashara ya bidhaa za nje ilikuwa imefunguliwa. Maduka yalijaa makochi na makabati kutoka nje, yanayong'aa hata mtu aweza kujitazama uso. Wateja wakaanza kusema, "Fundi, nataka kama lile la dukani." Kung'aa kule kulitaka vanishi ya kupulizwa kwa pampu, na vanishi ile ilikuwa na adui mmoja tu, ukungu wa Tukuyu. Ukungu ukiigusa kabla haijakauka, hugeuka nyeupe kama maziwa. "Imeota mvi," mafundi husema. Basi Ambindwile akahamia chumba cha nyuma, akapigilia nailoni dirishani, akaziba kwa matambara hata ufa wa chini ya mlango.

Tangu hapo alianza kukohoa. Kisha kichwa kikawa kinamgonga. Kisha akawa anaacha chakula. Mama yake Ikupa alikuwa kijijini Kisondela akimhudumia mdogo wake aliyejifungua, na nyumbani aliyebaki kumwangalia fundi alikuwa mama yake mzazi, bibi Tulinagwe.

"Ni mbepo," bibi alisema kila alipomsikia mwanawe akikohoa. "Mbepo imemwingia kifuani. Ikupa, hebu sukuma lile tambara, liingie vizuri chini ya mlango."

Kwa Kinyakyusa mbepo ni baridi. Lakini mbepo pia ni upepo. Neno ni moja, na kwa bibi hata adui alikuwa mmoja. Ikupa alipojaribu kusema baba anahitaji upepo, bibi alisikia baba anahitaji baridi, akamtazama mjukuu wake kama mtu aliyeombwa kumtia mgonjwa mtoni.

Lililomkosesha Ikupa usingizi ni kwamba dawa ilikuwa mle mle. Chini ya benchi kulikuwa na boksi, na ndani ya boksi feni kubwa ya kiwandani, ya kufungwa ukutani, ambayo Mzee Zuber mfanyabiashara alimpa fundi kama sehemu ya malipo ya kabati. Ilitoka huko mpakani pamoja na bidhaa zake nyingine. Ilikuwa imekaa hapo hadi buibui wakaifanya kwao.

"Baba, tufunge feni," Ikupa alisema asubuhi moja, ufagio mkononi.

"Tungoje kiangazi," baba alijibu huku akikoroga vanishi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kiangazi cha Tukuyu, baba? Kile ambacho mvua yake ni ndogo kidogo?"

Fundi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Kutoboa ukuta ni lazima bibi yako akubali, nyumba hii ni ya marehemu babu yako. Yeye hataki tundu. Nami sitaki ukungu. Makochi haya ni ya harusi ya Rahima, binti wa Mzee Zuber. Yakiota mvi, nitaficha wapi uso wangu? Subira, mama. Subira huvuta heri."

Ikupa akaenda shule, lakini ni mwili tu uliokwenda. Mwalimu alimwuliza swali la hesabu, akajibu, "Dirisha." Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Muda wa kwenda kula ulipofika alikimbia nyumbani njia nzima, matope yakimrukia mgongoni.

Mlango wa karakana ulikuwa umefungwa. Alipousukuma, harufu ilimpiga usoni kama kofi. Baba yake alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kochi, pampu ikiwa mapajani. Alikuwa anacheka peke yake.

"Esnath," akamwita kwa ulimi mzito. "Umerudi lini?"

Esnath alikuwa dada yake fundi, aliyefariki Ikupa hajazaliwa.

Ikupa alimshika baba yake makwapani na kumvuta. Alikuwa mzito kama gogo bichi, lakini woga una nguvu zake. Aliburuta, akapumzika kwa pumzi moja, akaburuta tena, mpaka akamfikisha uani, kwenye manyunyu. Fundi akatapika chini ya mgomba.

Pale pale bibi Tulinagwe akatokea jikoni, mikononi amebeba jiko lenye mkaa uliowaka mwekundu.

"Gwe, Ikupa," alisema kwa hofu. "Unamtoa mgonjwa nje, kwenye mbepo? Mrudishe ndani. Naliweka jiko hili karibu naye, apate joto."

Akaanza kuelekea mlango wa karakana. Ikupa akaona makopo ya thina, akawaza mvuke usioonekana uliojaa chumba kizima, akaona makaa.

"Bibi, simama hapo."

Bibi hakusimama. Tangu lini mjukuu akamsimamisha bibi? Ikupa aliinyanyua ndoo ya maji ya mvua iliyokuwa chini ya michirizi, akaimwaga yote juu ya jiko. Makaa yakalia, majivu yakaruka, kitenge cha bibi kikawa kijivu tangu kiunoni hadi chini. Kisha, bila kutazama nyuma, akaingia karakana pumzi ameibana, akaichana nailoni dirishani kwa patasi. Ukungu ukamiminika ndani.

Jioni fundi alikuwa na akili zake kamili. Aliketi barazani, blanketi mabegani, akanywa uji. Kisha akaenda kuyatazama makochi, na alipotoka uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Yote yameota mvi," alisema. "Yote."

Mzee Zuber, aliyekuja kuuliza habari za kazi yake, alichungulia mlangoni na kutoa kofia kichwani. "Fundi, mbona makochi yamezeeka kabla ya bwana harusi?"

"Nisamehe, Baba Rahima. Mwulize huyu binti."

Ikupa akasimulia yote, neno kwa neno, bila kupunguza ndoo wala kitenge. Mzee Zuber alisikiliza akichezea kofia yake. Ikupa alipofika kwenye jiko la mkaa, mkono wa mzee ukatulia.

"Thina na makaa chumba kimoja," alisema taratibu. "Fundi, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine hapa, si harusi. Na feni niliyokupa iko wapi?"

"Nangoja kiangazi."

"Utangoja uwe marehemu."

"Si mimi tu. Mama hataki tundu."

Macho yote yakamgeukia bibi Tulinagwe. Alikuwa amebadilisha kitenge, ameketi pembeni, mgongo amempa mjukuu wake. "Nyumba aliyojenga mume wangu haitobolewi ili iingize mbepo," alisema. "Mnamwona anakohoa, mnataka kumwongezea."

Hapo Ikupa akainuka. Akaenda kuchuchumaa mbele ya bibi yake, ili bibi asiwe na pa kugeukia.

"Bibi, pale jikoni kwako, juu ya mafiga, mbona ukuta una tundu?"

"Moshi utatokea wapi, mjinga wewe?"

"Ukiliziba?"

"Tutakufa kwa kukohoa."

"Na tundu lile halikuingizii mbepo?"

"Moshi unatoka kwa nguvu. Mbepo itapitaje?"

"Basi bibi, thina ni moshi. Tofauti yake ni kwamba hauonekani na hautoi machozi kwanza. Wewe umeweka tundu kwa ajili ya moshi unaouona. Baba kafungiwa na moshi asiouona, nasi tukawa tunaziba kwa matambara."

Bibi alitazama tundu la jikoni kwake, lililokuwa jeusi kwa masizi, pale moshi ulipopita miaka yote. Kisha akatazama chini ya mlango wa karakana, kwenye tambara aliloagiza lisukumwe kwa kinywa chake mwenyewe.

"Toboeni," alisema.

Kesho yake akaja Ackson, fundi umeme, kijana mwenye maneno mengi kuliko nyaya. Alitoboa ukuta upande unaotazama migomba, akaifunga feni, na swichi akaiweka nje ya karakana, kwenye korido, ili cheche yake isikutane na mvuke wa thina. "Mota yake imefungwa pande zote, haitoi cheche," alisema. "Ya mezani ile ya kawaida usithubutu kuileta humu, fundi. Utaruka na paa."

"Igeuze uso ndani," Ambindwile akamwambia. "Iniletee hewa safi."

"Wewe ndiye mwenye nyumba."

Wakawasha. Feni ikanguruma, ukungu ukaingia kwa kasi, vumbi la mbao likacheza dansi hewani, na harufu yote ya thina ikasukumwa kupitia mlangoni hadi sebuleni. Bibi Tulinagwe akatoka ameziba pua kwa ncha ya kitenge.

"Gwe Ambindwile, sasa umetuletea mbepo pamoja na uchafu wake."

Ackson akacheka mpaka akashika ukuta. Ikupa akazima swichi.

"Baba, mwaka mzima unaniambia subira huvuta. Hii inapuliza. Tundu la jikoni halipulizi moshi ndani. Igeuzwe, ivute."

"Ikivuta hewa yote itoke, mimi nitavuta nini?"

"Itaingia nyingine kwa mlango wa ndani. Itakuwa imepita sebuleni, haina ukungu. Ila mlango wa jikoni ufungwe, moto usivutwe huku."

Fundi alikuna kidevu. Ackson alikuwa amekwisha kuanza kulegeza bolti.

Wakawasha tena. Ikupa alisogeza kipande cha uzi mlangoni, uzi ukalala kuelekea ndani, kuelekea feni. Kule nje majani ya mgomba yalitikisika. Bibi alisimama katikati ya chumba, akanusa, akanusa tena, kama anayeonja mboga.

"Mbepo inatoka," alisema polepole. "Kumbe mbepo huweza kutoka."

Ambindwile aliyapiga msasa makochi yale upya, akayapuliza vanishi siku ambayo ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kutoona mtaa wa pili. Pua na mdomo alijifunga kitambaa, na kila baada ya muda alitoka uani kupumua, maana feni nayo si mganga wa kila kitu. Makochi yalikauka yakang'aa, hayana hata unywele mmoja wa mvi. Kikohozi kikaanza kumwacha, na ndizi na maharage zikarudi kuwa na ladha.

Mzee Zuber alipokuja kuyachukua, wote walikaa barazani wakanywa chai. Fundi aliweka kikombe chini na kumtazama binti yake.

"Mama, nimekufundisha vibaya neno moja," alisema. "Subira ni njema, lakini ina mahali pake. Ndizi hungojewa iive. Mtoto hungojewa akue. Mvua hungojewa ikatike. Sumu haingojewi. Mtu akiona inamwumiza mwenzake, huiondoa siku ile ile, na asiseme atangoja kiangazi. Na jambo linaloumiza mwili lisipoonekana, tuulize, tusizibe tu kwa matambara. Hilo nalisema mbele ya Baba Rahima ili nisilisahau."

"Nimelisikia," alisema Mzee Zuber.

"Lakini liko lingine," fundi akaendelea, na sauti yake ikawa ya baba. "Ulimmwagia bibi yako maji. Ulimwambia asimame, kama askari anavyomwambia mwizi. Kwetu hayo hayafanyiki. Nenda ukapige magoti umwombe radhi."

Bibi Tulinagwe alitazama chai yake. Ikupa akaweka kikombe, akaenda, akapiga magoti kama alivyofundishwa tangu utotoni, mikono pamoja, macho chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Kitenge chako nimekifua, madoa yametoka. Jiko nimelisugua. Mkaa nitakubebea mwingine sokoni Jumamosi, na kila Jumamosi ukitaka."

"Ndaga, asante, mwanangu. Na radhi?"

Ikupa akainua macho, bado magoti yakiwa chini.

"Radhi siombi, bibi. Ungelibeba tena jiko lile kwenye thina leo, ningelimwagia maji tena."