Maua Aliyoyachuma Kaltuma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Abshiro aliteka maji ya Mto Tana na kumwagilia shamba la zahanati pale Balambala. Shamba lilikuwa la akina mama waliojitolea kuwalimia wagonjwa chakula. Mwenyekiti wao alikuwa mamake, Shamis. Kila Jumamosi Mwalimu Nuh alitoka Garissa kuja kuwafundisha kilimo cha kisayansi. Mwaka huo, 1996, walipanda matikiti.

Matikiti yalitambaa vizuri na kutoa maua ya manjano, lakini karibu kila kitikiti kilichochomoza kilinyauka kikaanguka.

"Hapa pana mkono wa mtu," akina mama walinong'onezana.

Jumamosi moja alfajiri, Abshiro aliuona mkono huo. Kaltuma, Mborana aliyehamia kutoka Wajir, alikuwa ameinama kwenye upande wake wa shamba. Alichuma ua, akasema "Bismillahi," akalisugua ndani ya ua jingine. Abshiro aliutupa mtungi, akatimua mbio.

"Hooyo! Mama! Anayetuharibia nimemwona! Ni Kaltuma!"

Punde si punde akina mama wakamzunguka Kaltuma.

"Walaal, dada yetu," Rukiyo, mmoja wao, alimkejeli, "maua yetu unayapikia chai au unayatilia hirizini?"

"Nafanya alivyofundisha mwalimu siku ile mlipokwenda arusini."

"Ala! Siku ambayo shahidi ni wewe mwenyewe!" Shamis alisema. "Tumngoje mwalimu. Akikukana, jembe letu utaliacha hapa, na shambani hutakanyaga tena."

Machozi yalimlenga Kaltuma, lakini hakuondoka.

Mwalimu Nuh alipofika, walimweleza yote. Aliinua majani upande wa Kaltuma. Chini yake palikuwa na vitikiti vinono, kila kimoja kama yai la kuku.

"Huyu alisikiliza somo," alisema. "Ua dume lina unga uitwao chavua. Nyuki huubeba hadi kwenye ua jike, ndipo tunda lishike. Nyuki wasipokuja, mkono wa mtu hufanya kazi yao. Lakini nyuki wenu wamekwenda wapi?"

Alipekua mistari iliyo karibu na uzio wa miiba. Nyuki wafu walikuwa wametapakaa mchangani. Alichuma jani, akalinusa, akakunja uso.

"Hii ni dawa ya kupe."

Wote wakageuka tena kumtazama Kaltuma.

Abshiro aliijua dawa hiyo. Angenyamaza, nani angejua? Kaltuma angefukuzwa, na mambo yangeishia hapo. Akamtazama Kaltuma akipangusa macho kwa ncha ya mtandio.

"Ni mimi," Abshiro alisema. "Mbuzi wetu wakiwa na wadudu tunawanyunyizia. Niliona wadudu wakiingia mauani, nikanyunyizia dawa iliyobaki. Nilidhani tikiti nalo ni vivyo hivyo."

"Wadudu hao ndio waliokuwa vibarua wetu," Mwalimu Nuh alisema. "Na dawa ya mifugo ni sumu kwa mlaji. Mistari hii tutaing'oa na kuifukia, mgonjwa asije akala. Upande wa Kaltuma haukuguswa. Huo ndio utakaowalisha. Na maua ya mwituni kando ya mto msiyafyeke, nyuki watarudi."

Shamis aliokota jembe, akamkabidhi Kaltuma kwa mikono miwili.

"Walaal, nisamehe. Tulikuwa tukimsaka kupe kwa mbuzi wa jirani, kumbe amejificha kwa mbuzi wetu." Kisha akamgeukia bintiye. "Nawe, kukiri kwako kumemwokoa mtu. Lakini siku nyingine, usilolijua uliza kabla ya kulitenda, na usiyemwelewa muulize kabla ya kumshtaki. Sisi wakubwa pia tumelisahau hilo leo."

Walipomaliza kung'oa, Kaltuma alimshika Abshiro mkono.

"Njoo nikuonyeshe ua dume. Ila kwanza useme Bismillahi, usije ukanidhania mchawi tena."

Abshiro alicheka, akapiga magoti mchangani, akasema Bismillahi.