Kisasi cha Sentimita Kumi na Tano

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mimi, Curdin Tschuor, ndiye mlipiza kisasi mkuu wa bonde letu lote. Tangazo hili naliandika jikoni mwa shule, nikipumzika kidogo baada ya kusugua sufuria la jibini lililogandia.

Katika shule yetu ya bweni, kila asubuhi mwanafunzi wa zamu huenda nyuma ya zizi kupima theluji iliyoanguka usiku juu ya ubao mweupe. Ikizidi sentimita thelathini, njia inayopita chini ya mteremko hufungwa, maana theluji mpya nyingi haishikamani vizuri na ya zamani, na yaweza kuporomoka.

Wiki ile zamu ilikuwa ya Gian-Andri. Ndiye aliyeiba barua yangu na kuisoma mbele ya bwalo zima kwa sauti ya kitoto: "Mama, njoo unichukue, nalala nikilia." Watu walicheka mpaka supu ikawatoka puani. Nikaapa atanitambua.

Basi kulipokucha nilimtangulia. Ubaoni palikuwa na theluji ya sentimita thelathini na nne. Nikaiparua taratibu mpaka zikabaki kumi na tano. Mwalimu Caflisch hupenda kukagua kwa kupima mwenyewe theluji ya pembeni. Angemkuta Gian-Andri na namba ya uongo na kumvua zamu hadharani. Nilikunywa kakao kwa raha isiyo kifani.

"Kumi na tano, Mwalimu," Gian-Andri akasema. "Nimepima mara mbili."

"Vizuri," Mwalimu akajibu. "Darasa la nne, vaeni skii. Mnapita njia ya mteremkoni."

Nikakitua kikombe mezani. Mdogo wangu Ladina yuko darasa la nne! Tayari alikuwa mlangoni, akihangaika na kofia yake.

"Wasiende!" nikapiga kelele. "Namba si ya kweli!"

"We vipi?" Gian-Andri akafoka. "Unanionea wivu?"

Mwalimu akatoa mfukoni glavu iliyolowa. Ndani yake kulikuwa na jina langu, alilolishona mama kwa uzi mwekundu.

"Niliikuta kando ya ubao," akasema kwa upole. "Njia nimeshaifunga. Nilikuwa namsubiri mwenyewe aseme."

Saa nne mteremko ukanguruma. Theluji ikashuka na kuifukia njia yote, sisi tukitazama dirishani. Ladina akanishika mkono. Hakuna aliyecheka.

"Gian-Andri, barua ya mtu haisomwi, na kwa hilo utaadhibiwa," Mwalimu akasema. "Lakini wewe, Curdin, ulimlenga mmoja. Namba ile inaaminiwa na kila anayepita pale. Ukiichezea, huwezi kuchagua nani afukiwe."

Sasa tunapima pamoja, mimi na Gian-Andri, na tunasugua masufuria pamoja. Hivi punde amechungulia karatasi hii na kuuliza nani alitia chumvi kwenye kakao yake leo.

Haya, nakiri. Ni mimi. Lakini ubao sijaugusa.