Aliyeiba Bustani ya Khazir Dar

Shamba lilikuwa limeibwa.

Si mavuno. Shamba lenyewe, na nyanya zake, na maboga yake, na lile zee la matambara la kutishia ndege. Mtu wa nchi kavu atacheka. Inspekta Masrat Zargar hakucheka. Alizaliwa palepale ziwani Dal, na alijua kwamba bustani iliyosukwa kwa matete ikaelea juu ya maji, ukizing'oa nguzo zake tu, unaifunga kamba na kuiburuta kama mbuzi wa mnadani. Kesi za namna hiyo kituo chake kilizipata kila mwaka.

Kilichomshangaza ni mwenye shamba.

"Mzee Khazir, ulipiga simu kituoni saa ngapi?"

"Mimi? Sikupiga simu yoyote."

"Mwanamke alipiga. Mkeo?"

"Mke wangu yuko kwao tangu Ijumaa." Khazir Dar alijifunika vizuri kanzu yake ya sufi. "Watu wa huku hawana kazi, afande. Yaishe tu. Kashamba kenyewe kadogo. Rudini mkanywe chai."

"Umeibiwa shamba, unasema yaishe?"

"Nimemwachia Mungu."

"Mungu tumwachie ya kwake. Twende ukanionyeshe lilipokuwa."

"Pale pachafu, afande. Utaharibu viatu."

Masrat alimtazama. Miaka yote ya upolisi hakuwahi kumwona mlalamikaji anayewahurumia polisi viatu. Akamwita Konstebo Firdous alete mashua, akamwamuru Khazir apande mbele.

Njiani walisimama kwa jirani, Sultan Guru, ambaye ugomvi wake na Khazir juu ya mipaka ulijulikana ziwa zima. Sultan alitoka mlangoni akitafuna mkate.

"Mmekuja kunikamata? Haya, nikamateni. Ila niibe nyanya za Khazir nizipeleke wapi? Zinanuka!"

"Zinanuka nini?"

"Muulize mwenyewe, si huyo hapo, kanyamaza kama bibi harusi. Mke wangu alipewa kikapu, akawamwagia bata. Bata wakakataa!"

Firdous aliangua kicheko. Khazir hakucheka. Masrat aliliweka neno hilo akilini.

Walipofika, nguzo za shamba hazikuwapo. Zote ziling'olewa, hakuna iliyokatwa. Hilo nalo lilikuwa na walakini, kwa sababu mwizi wa shamba ana haraka. Hukata kwa panga akakimbia. Huyu alizihitaji nguzo. Alikusudia kulisimamisha shamba mahali pengine, zima, bila kulikatakata na kuligawa.

Maji ya hapo yalikuwa meusi. Mapovu yalipanda kutoka chini, na harufu ikawapiga usoni.

"Lahaula!" Firdous akaziba pua. "Hiki ni choo, afande."

Pande zote gugu moja lilikuwa limetanda, jekundu, nene, hata bata asingepita. Masrat aliikumbuka kona hii. Bibi yake alikuwa akimleta hapa kuchuma yungiyungi, na chini maji yalionekana hadi kwenye nyasi ambazo samaki hutagia. Uchafu ulilinenepesha gugu hili peke yake, nalo likavinyima mwanga vyote vilivyokuwa chini yake. Moyo ulimuuma, akakasirika kwa kuumwa kwake.

Akatia kasia majini, akachokoa. Kitu kigumu kikagonga. Firdous akakunja mikono ya shati, na kwa matusi mengi akakinyanyua: bomba la plastiki, nene kama paja. Lilitoka ufukweni, kwenye nyumba ya wageni ya Haji Wahab, likaja kufunguka mdomo papo hapo lilipokuwa limelala shamba la Khazir.

"Mzee Khazir, hili ni nini?"

"Sijui."

"Limelala chini ya shamba lako, hulijui?"

"Chini ya maji kuna mengi, afande."

"Kuna mengi, na leo tumeanza na moja."

Mdomoni mwa bomba kulikuwa na chuma kimenasa. Masrat alikichomoa kwa kitambaa, akakitia mfukoni. Kilikuwa kipande cha kulabu, kimevunjika karibuni. Pale kilipokatikia hapakuwa na kutu. Kulabu za namna hiyo hufungwa kwenye upondo mrefu, na kazi yake ni moja tu: kupapasa tope na kuvuta nadru, vile vikonyo vya yungiyungi ambavyo mji mzima wa Srinagar huvipika.

"Firdous, upande huu nani bado anavuta nadru?"

"Hakuna, afande. Zimekufa, wamehama wote. Labda..." Konstebo akasita, akamtupia Khazir jicho.

"Labda nani?"

Khazir ndiye aliyejibu, macho kwenye maji. "Dada yangu. Taja."

Shamba walilikuta nyuma ya nyumba ya Taja, kwenye chemchemi, mahali ambapo maji bado yalikuwa meupe. Nguzo zilichomekwa imara. Hakuna nyanya hata moja iliyochumwa. Taja, ambaye ni mjane, alikuwa barazani akimimina chai ya chumvi, vikombe vinne.

"Mmechelewa," alisema. "Karibuni."

Upondo uliegemea ukuta, na kulabu yake ilikuwa mpya.

"Ya zamani iko wapi, mama?"

"Imo mfukoni mwako."

"Simu ulipiga wewe?"

"Nilipiga mimi."

"Na shamba?"

"Nimeliiba. Nilisaidiwa, na hao waliosaidia sitawataja hata uning'oe kucha."

"Una haki ya kukaa kimya, mama. Utakalosema nitaliandika na..."

"Nimekaa kimya vya kutosha! Nilikuja kituoni kwako majira ya kiangazi. Nikasema yungiyungi zangu zinakufa, kuna kitu kinaziua. Kijana wa mezani akaniuliza marehemu ana umri gani. Wakacheka wote."

Firdous aliinamisha kichwa. Masrat hakuhitaji kuuliza kijana yule alikuwa nani.

"Nikapapasa mwenyewe kwa upondo mpaka nikalipata bomba, kulabu ikanasa. Nikajua nikisema, hamji. Lakini shamba likiibwa, mnakuja asubuhi ileile. Mmekuja, au hamkuja?"

Khazir alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. "Mwanangu hakuwa na kazi," alisema. "Haji akamwingiza jikoni kwake. Akaniambia nisogeze shamba pale, nilifunike bomba lake, nisiulize. Nilidhani ziwa ni kubwa."

"Nilikulea kwa nadru za kona ile, Khazir. Kila jino ulilonalo limeotea pale."

Khazir akamgeukia Masrat. "Afande, huyu ni dada yangu. Nimemsamehe. Sina kesi."

"Usithubutu!" Taja aliweka birika chini kwa kishindo. "Inspekta, akinisamehe, jalada linafungwa?"

"Linafungwa."

"Na bomba?"

Masrat hakupenda jibu lake. Haji Wahab alikuwa na marafiki wakubwa serikalini. Bila kesi hakuna kizibiti, na bila kizibiti, wiki ijayo patakuwa na shamba jingine juu ya bomba lilelile.

"Wizi ni kifungo, mama."

"Najua. Niandike. Andika nilichoiba, na andika nilikiiba juu ya nini, hakimu akasome vyote."

Kisha Masrat akamkabidhi Firdous kalamu. Kijana akakaa mkekani mbele ya Taja, masikio yamemwiva, akaandika jina la mama huyo, akaandika wizi, akaandika bomba.

"Mali iliyoharibiwa, mama?" aliuliza polepole. "Nitajie yote. Naandika."

Taja alimwangalia kwa muda kuona kama anatania. Kisha akaanza. Yungiyungi za waridi. Yungiyungi nyeupe. Matete membamba ya kusukia mikeka. Nyasi za mayai ya samaki. Mnanaa wa majini. Sauti yake ilikuwa kavu, kama anayesoma majina msibani. Akaishia hapo.

"Na ile njugu ya majini, yenye miiba," alisema Khazir kutoka chini ukutani, machozi yakimshuka ndevuni. "Umeisahau, Taja. Ilikuwa ikituchoma vidole utotoni."

Firdous akaiandika.