Mnunuzi wa Maison Olive

Yaliyompata Paluku wa mtaa wetu wa Naviundu tuliyaona sisi majirani zake kwa macho yetu, na bado wapo wanaosema tumeyatunga. Wacha waseme. Hawakuwapo.

Mambo yalianza siku ya kawaida kabisa, mchana, jua limetoka baada ya mvua. Ulikuwa mwisho wa mwaka 2008. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, viwanda vya kuyeyushia vilifungwa kimoja baada ya kingine, na watu waliozoea kununua unga kwa magunia sasa walipita mbele ya maduka mikono mifukoni. Paluku, aliyetoka Butembo kijana mbichi na kufungua depo, duka la jumla, hapa kwetu, naye alikuwa ameteremsha milango. Ukutani yalibaki maandishi makubwa ya buluu: MAISON OLIVE.

Olive alikuwa binti yake wa pekee, ndiyo kwanza anaanza kung'oka meno ya utoto. Kwetu mtu akifungua duka hulipa jina la mtoto wake, na yeye mwenyewe huitwa kwa jina hilohilo. Paluku alikuwa Papa Olive, mkewe Émerance alikuwa Mama Olive. Jina moja lilibeba nyumba nzima.

Mfanyabiashara aliyezoea kuamka na kufungua duka, ukimnyima duka umemnyima pumzi. Godefroid, fundi wa kompyuta, alimkuta Paluku ameketi sebuleni anakodolea ukuta, akamhurumia, akamtilia mchezo kwenye kompyuta kuukuu ya depo. Ni mchezo wa kuendesha biashara: unakodi jengo, unaajiri watu, unaagiza bidhaa, unapanga bei. Wateja wake hukasirika kama wa kweli, mchele wake huoza kama wa kweli. Mwanzoni kabisa ulimuuliza jina la kampuni. Paluku hakuwaza mara mbili. Aliandika Maison Olive.

Émerance alicheka. Alitutangazia kwamba mumewe amefungua depo tena, ila hii haina haja ya ufagio. Olive alikuwa anasimama nyuma ya kiti cha baba yake, akimshauri aweke biskuti mbele. Kampuni ikastawi. Mtoto naye akanawiri, na kikohozi kilichomsumbua tangu kiangazi kikakoma. Tulifurahi wote, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Halafu ndani ya mchezo kiwanda cha mji kikafungwa. Paluku alicheka kwa uchungu, akasema waliotengeneza kitu hiki wanaijua dunia. Wateja wakapungua, rafu zikabaki wazi. Wiki ileile Olive akaanza kukataa chakula.

Walimpeleka hospitali, akapimwa kila kinachopimwa, hakuna kilichoonekana. Mbavu zake zikaanza kujionyesha chini ya gauni. Paluku akirudi kutoka hospitali alikaa tena kwenye kompyuta yake, na hapo mimi namlaumu, ingawa nadhani ni hofu iliyomkalisha. Siku moja, ili kupunguza gharama, alimfukuza muuzaji wa kaunta wa mchezoni.

Asubuhi yake Olive aliamka hana sauti. Midomo ilicheza, hakuna neno. Mama yake alimchemshia tangawizi, haikusaidia kitu. Mchana Paluku akamrudisha muuzaji kazini, na kabla hajaondoa mkono kwenye kipanya alisikia sauti ya mtoto kutoka chumbani.

"Papa, maji."

Alijaribu tena, ili ahakikishe. Hebu mfikirie baba huyo. Alifunga dirisha moja la lile duka la kwenye skrini, akaenda chumbani kwa kunyata. Jicho la kushoto la Olive lilikuwa limefumba. Alimpapasa, akalipuliza, akalilowesha maji. Halikufunguka mpaka alipolifungua dirisha.

Tangu hapo Paluku hakucheza tena. Alifanya kazi. Aliogopa kuifuta kampuni, kwa sababu alijua anachofuta. Aliogopa hata kuizima mashine. Siku umeme ulipokatika saa ya chakula, Olive aliganda mezani, kijiko hewani, macho wazi, hapepesi. Émerance alimwita, akamtikisa, akaanza kulia. Umeme uliporudi, Paluku alikimbilia mashine, na kijiko kikaendelea na safari yake hadi mdomoni.

Mkewe alimfuata akasimama mlangoni.

"Papa Olive, acha ile machine. Mutoto anakufa, na we uko unacheza?"

"Nikiacha njo atakufa," alinong'ona.

Hakumweleza zaidi. Angeanzia wapi?

Alipunguza bei, wateja hawakuja. Alibadilisha bidhaa, zikaoza. Ule mji wa kwenye skrini ulikuwa unakufa kama wetu, na kampuni ilibakiza pumzi chache. Ndipo kidirisha kidogo kikafunguka. Kwa Kifaransa safi, kiliandika kwamba amepatikana mnunuzi. Anaitaka Maison Olive kama ilivyo. Itaendelea kuishi. Jina litakuwa lake. Je, anakubali?

Jina la mnunuzi halikuandikwa.

Chumbani pumzi ya mtoto ilikuwa inakwaruza. Paluku alisoma maneno mawili tu, *itaendelea kuishi*, akabonyeza. Yakaja mengine: mnunuzi atapita kuchukua kilicho chake. Skrini ikazimika.

Olive akainuka kitandani. Aliomba bukari, ugali wetu, na samaki, akala, akaomba tena. Émerance alipiga magoti pale pale sakafuni, akatuita, tukaja tukaimba mpaka sauti zikakauka. Paluku alisimama mlangoni, machozi yanamtoka kwa furaha, akafungua mdomo amwite binti yake.

Jina halikuja.

Alilijua. Alilisikia kichwani. Ulimi ulilala tu. Alichukua kalamu aliandike, na mkono ukasimama. Émerance alipomwita, "Olive", mtoto hakugeuka. Baadaye aliuliza, kwa adabu ya mgeni, huyo Olive ni nani.

Kila mchana mtoto akawa anavaa viatu vya kanisani na kukaa langoni, mikono magotini. Émerance alimuuliza anafanya nini pale kwenye jua.

"Niko nangoya mwenyewe," alijibu, kama mali inayomngoja mwenye kuinunua.

Paluku alimkimbilia Godefroid na mashine mabegani. Godefroid aliisikiliza habari yote, akaifungua kompyuta, akatafuta. Mchezo haukuwamo. Akamgeukia Paluku.

"Papa Olive, mu ile jeu, ile mchezo, hamuna fasi ya kuuzisha. Mi njo niliitia. Uliona wapi?"

Paluku alirudi nyumbani mbio, akafunga lango kwa kufuli.

Haikusaidia. Ilikuwa alasiri, manyunyu mepesi. Émerance alikuwa anaanua nguo. Alimwona mtoto anasimama, anatabasamu, anainua mikono juu, kama mtoto anayetaka kubebwa. Mbele yake hapakuwa na mtu.

Miguu ikaacha ardhi.

Ilipanda taratibu. Ikasimama usawa wa nyonga ya mtu mzima. Mkono mmoja ukajikunja, kama uliokumbatia shingo. Kufuli ikaanguka yenyewe. Lango likafunguka. Mtoto akatoka, anaelea, anayumba kidogo, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka.

Émerance alipiga kelele, tukatoka wote. Aliita, "Olive, Olive". Mtoto hakutazama nyuma. Paluku alitoka mbio, na mkewe akamshika shati.

"Umuite. We njo baba yake. Umuite na jina yake."

Alifungua mdomo. Hakuna.

Penye kona ya kuteremkia mtoni hatukumwona tena. Kwenye tope palikuwa na nyayo za viatu vya mtu mzima, toka langoni hadi mtoni. Za kwenda tu. Zilizokuja hatukuziona. Na ukuta wa depo ulikuwa mweupe mtupu, kama ambao haujawahi kuandikwa kitu.

Jioni ile, Godefroid alipokwisha kumsimulia aliyoyasikia, Émerance alimuuliza mumewe jambo moja tu.

"Uliuzisha nini?"

"Jina," alisema. "Jina tu."

Hawajahama. Majirani walewale bado tunamsalimu Papa Olive, maana hatuna jina jingine la kumwita, na kila tukimsalimu hutazama chini.

Kila mwaka mvua ya kwanza ikinyesha, kwenye tope la barabara hutokea nyayo za miguu mitupu. Hutoka mtoni, huja mpaka langoni kwao, huishia hapo. Haziingii, wala hazirudi. Mwanzoni zilikuwa za mtoto. Mwaka huu Émerance aliweka mguu wake juu ya mmoja, ukalingana.

Humwita binti yake mchana kutwa kwa jina lake, na nyayo hazisogei. Halafu humgeukia mumewe. Paluku hutoka, husimama mbele ya lango, hufungua mdomo. Midomo hucheza. Hakuna neno.