Viatu vya Sindano

Kila asubuhi Kimbunga alipoingia darasani, kelele zilikatika. Alijichagulia dawati, akanywa maji ya mwenzake bila kuomba, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Msichana huyo aliogopwa na wote, lakini mwenyewe alikosa usingizi kwa sababu ya mtu mmoja tu: Sindano, binti wa fundi cherehani. Sindano alikuwa mwembamba na mwenye mbio za ajabu, na mwalimu wa michezo alikuwa amemteua kumalizia mbio za kupokezana vijiti. Kimbunga, aliyewekwa akiba, aliitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba.

Ndiyo maana siku ya mashindano aliviiba viatu vya Sindano na kuvificha nyuma ya matangi ya maji.

Uwanja ulifurika watu. Sindano alivitafuta viatu vyake kila mahali, asivione.

"Nitakimbia pekupeku, Mwalimu," alisema.

Na kweli alikimbia. Alichanja mbuga juu ya kokoto, akawapita wawili, shule nzima ikalipuka kwa vifijo. Wakaingia fainali! Lakini alipoketi, mama yake, yule fundi, aliyekuja kumshangilia, aliugeuza unyayo wake. Ulikuwa umechanika, damu inatiririka. Sindano aling'ata midomo asilie.

"Basi, mwanangu, umejitahidi," mwalimu alisema. "Kimbunga, jiandae. Utamalizia wewe."

Hicho ndicho alichokitaka siku zote. Ajabu ni kwamba moyo wake ulikataa. Aliitazama ile damu. Akageuka na kutimua mbio kuelekea kwenye matangi.

Alirudi akihema, viatu mkononi, akapiga magoti mbele ya Sindano.

"Ni mimi niliyevificha. Nisamehe, dada."

Sindano alimkazia macho huku mama yake akiufunga mguu kwa kitambaa safi.

"Nivalishe," alisema hatimaye. "Nitakimbia. Lakini usidhani nimekusamehe."

Mwalimu alikubali, na kwenye fainali Sindano alipokea kijiti akiwa wa tatu. Akampita wa pili! Akamfikia wa kwanza! Kimbunga alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na Sindano alipokata utepe kwa kifua, ni Kimbunga aliyeruka juu kuliko wote.

Mwalimu alimwondoa Kimbunga kwenye timu muhula mzima. Hata hivyo, kila jioni Kimbunga alimbebea Sindano mkoba hadi kwenye chumba cha ushonaji cha mama yake. Mwanzoni Sindano alichechemea mbele bila kugeuka nyuma. Siku mguu ulipopona, Sindano alisimama mlangoni.

"Kesho njoo na viatu vyako. Mazoezi ya peke yangu yanachosha."

Machozi yalimlengalenga Kimbunga. Mama akasimamisha cherehani.

"Uliomba msamaha siku moja tu, mwanangu," alimwambia. "Imani yetu umeifanyia kazi kila jioni, nasi tumekuona. Endelea hivyo hivyo. Ila punguza upepo kidogo, utanipeperushia vitambaa."

Wote watatu wakaangua kicheko.