Binti wa Tano Kutoka Kushoto

Fundi Rangi aliingia ukumbi wa maktaba kuulizia ufunguo wa stoo, ndoo mkononi, ovaroli limejaa madoa ya kila rangi aliyopaka mwaka ule. Akakuta watu wamefurika kama wameambiwa kuna harusi. Kumbe ni Chama cha Historia ya Mtaa, wamefungua maonyesho ya picha za zamani. Akawa anapenya katikati ya viwiko na vikombe vya chai, mara akasimama wima. Kwenye picha ya kumi na tisa, wasichana watano wamekaa mbele ya mitambo ya simu, nyaya mikononi. Wanne wameandikwa majina. Wa tano kutoka kushoto: hajulikani.

"Hajulikani na nani?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Huyu ni bibi yangu! Asubuhi hii kanituma sabuni!"

Ukumbi mzima ukageuka. Akaja mbio kijana mmoja, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, tai ya kijani, kalamu tatu mfukoni. Siku za kazi alikuwa fundi saa; Jumamosi alikuwa katibu wa chama.

"Karibu, dada. Una uhakika?"

"Kaka, pua hiyo ninayo mimi. Itazame."

Akaitazama. Tusidanganyane, aliitazama kwa muda mrefu kuliko historia ilivyohitaji, akateremka mpaka midomoni, akakohoa.

"Pua nimeikubali. Ila tuna sharti. Jina haliandikwi mpaka athibitishe mtu aliyemjua enzi hizo, na asiwe wa familia. Hapa kila mtu anataka babu yake ndiye awe amejenga daraja."

"Na nikimpata mtu huyo?"

"Nipigie, wakati wowote."

"Namba yako naichukua kwa ajili ya Bibi tu."

"Bila shaka. Na yako naiandika kwa ajili ya kumbukumbu za chama."

Simu ya kwanza ilimhusu Bibi kwa dakika mbili, na mengineyo kwa saa nzima. Alhamisi chama kilikuwa na mhadhara juu ya mifereji ya maji machafu. Fundi Rangi akaenda, gauni la bluu, hereni zinaning'inia, akasikiliza habari za mifereji kama anayesomewa barua ya mapenzi. Jumapili kulikuwa na matembezi ya mitaa ya kale.

"Ukuta huu una miaka themanini," Fundi Saa akatangaza.

"Na rangi yake ina miwili, niliipaka mimi," akanong'onezwa sikioni. Akasahau ukuta uliofuata.

Baada ya hapo simu zikawa hazihesabiki.

"Unafanya nini, mrembo?"

"Niko juu ya ngazi. Ukinichekesha naanguka."

"Angukia huku."

Mwezi ukapita hivyo, mtamu, mpaka ikafika wiki ya mwisho ya maonyesho. Maelezo ya picha zote yalikuwa yanakwenda kuchapwa kitabu, mwisho Jumamosi saa sita mchana. Na katika wale wasichana wa simu, ukimtoa Bibi, aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, mama aliyeitwa na mtaa mzima Bi Kengele. Bi Kengele huyo, akimwona Bibi, huvuka barabara kumkwepa. Miaka hamsini na tano hawajasalimiana.

"Mpenzi, liandike tu," Fundi Rangi akasema kwenye simu. "Bibi ana miaka themanini na moja. Kitabu kingine kitatoka lini, naye atakuwa wapi?"

"Siwezi, laazizi. Sharti nililiandika mimi mwenyewe. Nikilivunja, watasema katibu anagawa historia kwa wachumba."

"Kwa hiyo bibi yangu ni muongo."

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa lugha ya ofisi."

Akakata. Akaapa kwamba akipigiwa hapokei. Siku tatu hakupigiwa, na hilo likamuuma zaidi.

Jumamosi Bibi akatoka chumbani na gauni la zambarau, kilemba kimesimama, manukato yametangulia mlangoni.

"Hatuendi, Bibi. Jina lako halipo."

"Sura yangu ipo. Nakwenda kujiangalia."

Wakaenda. Saa sita kasoro dakika kumi, katibu hayupo. Fundi saa, achelewe! Mweka hazina ameshaanza kukusanya karatasi za mchapaji. "Amejificha," Fundi Rangi akajisemea.

Mlango ukafunguliwa. Fundi Saa huyo, tai imepinda, jasho linamtiririka, na kwenye mkono wake ameegemea Bi Kengele, miwani minene, mkongojo mbele. Bi Kengele akaitazama picha, akamtazama Bibi kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Ndiye. Namjua sana. Alikuwa anasikiliza simu zangu na mchumba wangu."

"Nilisikiliza mara moja tu," Bibi akajibu.

"Mara moja ikatosha. Ukaolewa naye!"

Watu wakacheka mpaka biskuti zikawaponyoka. Bi Kengele akagonga mkongojo. "Andika, kijana, kabla sijabadili mawazo. Na uongeze kwamba alikuwa na mikono myepesi kwenye nyaya kuliko sisi sote."

Fundi Saa, anayeshika skrubu ndogo kama punje ya mchanga bila kuiangusha, akaangusha kalamu mbili kabla ya kuliandika jina. Majina yote matatu, lake, la baba na la babu. Bibi akayagusa kwa kidole, herufi moja moja.

"Umempataje?" Fundi Rangi akauliza, hasira imeshaanza kumtoroka.

"Nimekaa kibarazani kwake siku tatu. Ya kwanza akanifungia mlango. Ya pili akanitolea saa ya ukutani niitengeneze. Leo nikamwambia kwamba asipokuja, nitampoteza mwanamke ninayempenda. Akasema, 'Pole, najua inavyouma,' akaanza kutafuta viatu."

"Mbona hukunipigia?"

"Niliogopa kukupa matumaini halafu nishindwe."

"Mjinga wewe."

"Mjinga anaomba kukuoa."

"Mbele ya mweka hazina?"

"Hata aandike kwenye muhtasari."

Akacheka, machozi yakamtoka humohumo. "Mimi nimekubali. Lakini posa inapelekwa kwa Bibi. Nenda."

Akageuka. Bibi na Bi Kengele walishavuta viti pembeni, vichwa vinakaribia kugusana.

"Alikuwa anakoroma?"

"Kama mashine ya kusaga. Miaka arobaini!"

"Kumbe uliniokoa, mwenzangu!"

Wakapigana viganja, wakacheka, wakaanza kisa chote upya. Fundi Saa akasimama mbele yao, mikono nyuma, akafungua mdomo. Bibi akainua kidole bila hata kumtazama.

"Subiri zamu yako," Fundi Rangi akamnong'oneza, akamshika mkono, wakasubiri pamoja.