Kiganja Kwenye Kaunta

Haya yalimpata rafiki yangu, mshonaji. Alipoolewa na mwanamume aliyefiwa na mke, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua nyundo, akaipasua kaunta ya jikoni ya marumaru ya marehemu. "Mwenzangu akapike huko aliko!"

Fundi akaweka jiwe la kijivu, akalipaka dawa ya kuzuia maji. "Dada, limwagie maji. Yasiponywewa, dawa imeshika."

Jioni umeme ukakatika. Gizani rafiki yangu akasikia kitambaa kikisugua jiwe, taratibu, kama cha mwenye nyumba.

Taa ziliporudi akamwaga maji. Yakasimama kama shanga, ila katikati yalinywewa, pakabaki weusi wa kiganja kisicho na kidole cha mwisho.

Mumewe akakiona, akarudi nyuma. "Nani alikwambia kuhusu kidole cha marehemu?"

Asubuhi rafiki yangu akamwaga maji tena. Kiganja kilikuwa kimekunja ngumi.